Usizime Seva: Mwongozo wa Kuhamisha Mzizi kwa Fundi Mwenye Moyo Mgumu

Kila mtambo wa jamii ya Unix una saraka moja ambayo nyingine zote ziko chini yake. Huandikwa kwa mkwaju mtupu, /, nayo huitwa mzizi. Nyuma ya mkwaju huo umepachikwa mfumo wa mafaili kutoka kwenye diski fulani, na kila kinachotembea kwenye mtambo, kuanzia mchakato namba 1 hadi ganda unaloandikia amri, kinachukulia kwamba mkwaju huo hautasogea mpaka siku mtambo utakapozimwa.

Mwongozo huu unakufundisha kuusogeza mkwaju huo, mtambo ukiwa kazini, wateja wakiingia na kutoka.

Sababu za kufanya hivyo zipo. Iliyo maarufu ni hii: umekodi seva ya Linux, umekuta diski nzima imefanywa sehemu moja ya ext4, na sasa unataka kuipunguza upate nafasi ya jambo jingine. Ext4 hukubali kunenepeshwa huku inatumika, ila kukondeshwa haikubali mpaka ibanduliwe kwanza. Watu wasio na makuu hufungua paneli ya mtoa huduma, hubonyeza hali ya uokoaji, seva ikawaka kwa mfumo mwingine wa muda, wakapunguza walichotaka kupunguza, wakaiwasha tena na kwenda kula. Waache waende. Wewe fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya 1: Chagua seva na saa

Seva inayofaa ni ile usiyoweza kuifikia kwa miguu wala kwa daladala. Ukiwa Mbagala na seva iko Frankfurt, mambo yamekaa sawa. Hakikisha mlango wako pekee ni SSH. Konsoli ya dharura inayopatikana kwenye paneli usiijaribu mapema. Utakutana nayo usiku wa manane, itakapokuuliza nywila ya root ambayo hukuiweka kamwe, kwa kuwa siku zote umeingia kwa ufunguo.

Saa nzuri ni Ijumaa jioni. Nakala ya akiba bila shaka unayo, na iko kwenye diski hiyohiyo unayotaka kuipunguza, kwa hiyo haitapotea mbali.

Fundi mwoga angefanya zoezi zima kwanza kwenye mashine pepe ndani ya kompyuta yake mwenyewe, akosee huko mpaka achoke kukosea. Atajifunza mengi, lakini nani atamsimulia?

Hatua ya 2: Changanya zana tatu

Kuna amri tatu zinazofanana kwa wasifu na kutofautiana kwa madhara. Ya kwanza ni chroot, iliyokuwamo katika Unix toleo la 7 la mwaka 1979. Hii hubadilisha mzizi wa mchakato ulioiita na wa wanawe, basi. Wengine wote wanabaki walipokuwa, na diski ya zamani inabaki imeshikwa vilevile. Ukiitumia utaandika ls / utaona mambo mapya, utashangilia, kisha utashangaa kwa nini hakuna kilichobanduka.

Ya pili ni switch_root. Kazi yake ni ya sekunde za mwanzo za kuwaka, pale keneli inapoanzia kwenye initramfs, yaani mfumo mdogo wa mafaili ulio ndani ya RAM. Hufuta kila kitu kilichomo humo ili kurudisha RAM, huusogeza mzizi wa kweli mahali pake, kisha huanzisha init. Mwongozo wake unaonya waziwazi kwamba hufuta mafaili yote ya mzizi wa sasa, saraka kwa saraka. Toleo la util-linux hukagua kwanza kama mzizi huo uko kwenye RAM kabla ya kuanza kufuta. Aliyeweka ukaguzi huo alikuwa anawajua watu.

Ya tatu, tunayoitaka, ni pivot_root. Wito wake uliingia kwenye keneli ya majaribio 2.3.41, na programu ndogo ya kuuita iliandikwa na Werner Almesberger mwaka 2000. Hupokea vitu viwili: mzizi mpya, na saraka ndani ya mzizi mpya ambamo wa zamani utawekwa. Hubadilisha nafasi za mipachiko miwili, kisha hupita kwenye michakato yote ambayo mzizi au mahali ilipo ni / ya zamani, na kuielekeza kwenye / mpya. Haifuti faili wala haikopi faili.

Hatua ya 3: Andaa makao ya muda

Mzizi mpya utakaa kwenye RAM wakati diski inafanyiwa kazi:

mount -t tmpfs -o size=3G tmpfs /mnt/mpya
cp -ax /. /mnt/mpya/
mkdir /mnt/mpya/zamani

Usipime chochote kabla. Usipotaja ukubwa, tmpfs hujipa nusu ya RAM. Mtambo wenye RAM ya gigabaiti moja ukimiminiwa mfumo mzima wenye miaka yake ya kumbukumbu za /var/log, keneli itaishiwa nafasi na kuanza kuua michakato ili ipumue. Mara nyingi huanza na aliyenona kuliko wote, naye ni hifadhidata yako.

Hifadhidata nayo usiizime kabla ya kunakili. Nakala ya mafaili yake yaliyonakiliwa huku yanaandikwa ni nakala ya saa mbalimbali kwa pamoja, na kila malipo yatakayoingia baada ya hapo yataandikwa upande usioangalia. Fundi mwoga huzima kila huduma inayoandika data, hunakili saraka za lazima tu, na /var/lib yenye mizigo huiacha palepale.

Akichagua saraka, hata hivyo, naye ana mtego wake. Kwenye Debian na Fedora za leo, /bin na /lib ni viungo vya kuelekeza /usr. Ukinakili /bin bila /usr, umebeba kibao cha njia ukaacha nyumba. Na ukibeba programu ukaacha maktaba zake, dalili hupoteza watu wengi: unaita /bin/bash, mtambo unajibu "No such file or directory", na ukiangalia, faili lipo. Kisichokuwepo ni kipakiaji chake, kile kinachoitwa ld-linux-x86-64.so.2 kwenye mitambo mingi, na keneli haina adabu ya kulitaja jina lake.

Ndiyo maana waoga hujaribu kwanza chroot /mnt/mpya /bin/bash, wakaita ls, mount, fuser na sshd -t humo ndani, wakaona kila moja inajibu. Wewe ruka.

Hatua ya 4: Pokea EINVAL

Sasa ita pivot_root kwa mara ya kwanza. Itajibu "Invalid argument". Usomaji wa kishujaa wa jibu hili ni kuiita tena bila kubadilisha kitu, safari hii kwa kubonyeza Enter kwa nguvu zaidi.

Ukweli ni kwamba keneli ina malalamiko mengi na jina moja la kuyaitia. Huenda /mnt/mpya si kilele cha mpachiko bali ni saraka iliyo ndani yake. Dawa ni kuipachika juu yake yenyewe kwa mount --bind /mnt/mpya /mnt/mpya. Huenda saraka ya kuwekea mzizi wa zamani haimo ndani ya mzizi mpya. Huenda uko ndani ya chroot ambayo mzizi wake si mpachiko. Huenda uko kwenye initramfs, na mzizi ule wa kwanza kabisa wa keneli hauhamishiki kwa njia hii. Pale ndipo switch_root ina haki yake.

Lakini kwenye seva ya kawaida ya leo, mshukiwa mkuu ni systemd. Keneli yenyewe huanza na mipachiko ya faragha. Systemd ikiamka huigeuza yote kuwa ya kushirikiana, ili kinachopachikwa huku kionekane na kule. Nayo pivot_root hukataa katakata kugusa mipachiko ya kushirikiana, kwa sababu mageuzi yangesambaa mpaka yasikokusudiwa. Ithibitishe kwa findmnt -o TARGET,PROPAGATION. Ukiona neno shared kila mstari, umempata. Dawa ni mstari mmoja:

mount --make-rprivate /

Ukipata EBUSY badala ya EINVAL, hilo ni kosa la heshima zaidi: umejaribu kuhamia kwenye saraka iliyo juu ya mpachiko uleule wa mzizi wa sasa, yaani kuhama bila kuondoka. Ukipata EPERM, huna mamlaka ya CAP_SYS_ADMIN. Pengine uko ndani ya kontena, na mwenye mtambo alishakufikiria.

Hatua ya 5: Geuza, kisha sahau nusu

pivot_root /mnt/mpya /mnt/mpya/zamani
cd /
for d in dev proc sys run; do mount --move /zamani/$d /$d; done

Mstari wa kwanza ndio unaowatisha watu, na ndio unaomalizika kufumba na kufumbua. Hiyo miwili inayofuata ndiyo ya kusahau ukitaka usiku mrefu.

Ukisahau cd /, na ulikuwa umekaa kwenye /root, bado umekaa kwenye /root ya zamani, kwa kuwa keneli huhamisha waliokuwa kwenye kilele chenyewe, si waliokuwa matawini. Utaandika mafaili kwa bidii yote kwenye diski unayotaka kuibandua. Ukisahau /proc, ps itakuwa kipofu. Ukisahau /dev, hakuna atakayeweza kuingia upya kwa SSH na kupata ganda, maana vituo pepe vya kuandikia viko /dev/pts. Ukisahau /run, systemctl itampigia mchakato namba 1 na hatapokea, kwani soketi yake imebaki upande wa pili.

Hatua ya 6: Wageni

Sasa sema umount /zamani. Utaambiwa "target is busy". Umefika kwenye kazi yenyewe.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kwanza umjue kwa jina. Amri ya kuwahesabu ni fuser -vm /zamani. Orodha itakuwa ndefu kuliko ulivyotarajia, kwa sababu pivot_root ilihamisha mzizi wa michakato mingi, ila haikugusa mafaili ambayo michakato hiyo imeyafungua, wala programu na maktaba zilizokwisha kupakiwa. Kila programu iliyoanza kabla ya mageuzi inatembea kwa mwili uliotoka kwenye diski ya zamani. Njia ya kuitoa ni moja: ianze upya.

Juu ya orodha utamkuta mchakato namba 1. Huyo hauawi, huombwa ajianzishe upya akiwa hai, kwa systemctl daemon-reexec, au telinit u kwenye mitambo inayotumia init ya jadi. Baada yake kuna journald, huduma ya saa, huduma ya kumbukumbu, na wengine ambao systemctl restart inawatosha.

Kisha yupo sshd, aliyekushika mkono wakati huu. Fundi mwoga huanzisha sshd ya pili kutoka kwenye mzizi mpya, /usr/sbin/sshd -p 2222, huku poti 2222 akiwa ameifungua kwenye faiwoli kabla, huingia kupitia hiyo kwenye dirisha jingine, na akishaona yuko ndani ndipo humwondoa wa zamani. Fundi mwenye moyo mgumu huandika fuser -km /zamani, ambayo huua kila anayeigusa diski ya zamani, likiwemo ganda lililotoa amri hiyo na sshd iliyolibeba. Kazi inakuwa imekamilika kwa namna fulani.

Wapo wagumu kuonekana. Kama ulikuwa umejikinga na kukatika kwa umeme kwa kufungua kazi yako ndani ya tmux, umefanya vema, isipokuwa tmux hiyo ilianza kwenye mzizi wa zamani, hivyo kinga yako ni mgeni namba moja. Fungua nyingine mpya, uifunge ile. Faili la swapu likiwa kwenye diski ya zamani, anayelishika ni keneli mwenyewe, na swapoff ndiyo lugha anayoielewa. Ubuntu yenye vifurushi vya snap ina picha za diski zilizopachikwa kutoka /var/lib/snapd. Losetup -a itazitaja moja baada ya nyingine.

Hatua ya 7: Danganya kwa umount -l

Uvumilivu ukiisha, ipo njia ya mkato: umount -l /zamani. Hii hurudi mara moja bila kulalamika. Orodha ya mipachiko inakuwa safi, moyo unatulia. Ilichofanya ni kukuficha mpachiko usiuone. Mfumo wa mafaili wenyewe bado uko hai mpaka mgeni wa mwisho atoke, na sasa huna tena saraka ya kumpa fuser ili akuonyeshe ni nani. Utagundua pale e2fsck itakapogoma kwa madai kwamba kifaa kinatumika.

Wakati mwingine hata umount ya kweli inakubali na bado e2fsck inagoma. Hapo ndipo mafundi wengi huanza kulaumu ulimwengu wa kiroho. Sababu ni ya kawaida: huduma nyingi za systemd huendeshwa zikiwa na orodha zao binafsi za mipachiko, hasa zile zenye PrivateTmp au ProtectSystem kwenye mipangilio. Katika orodha hizo mzizi wa zamani bado ni /, kwa sababu pivot_root haitoki nje ya orodha ya aliyeiita. Wasake hivi, ukiweka jina la kifaa chako:

grep -l vda1 /proc/*/mountinfo

Kila namba itakayotokea ni mchakato unaopaswa kuanzishwa upya. Grep ikinyamaza, diski ni yako. Sasa e2fsck -f /dev/vda1, kisha resize2fs /dev/vda1 20G, kisha ndipo sehemu yenyewe ya diski ipunguzwe kwenye jedwali lake, isiwe ndogo kuliko ext4 iliyomo. Ukipenda msisimko, anza na jedwali.

Na ukiwa na XFS, hatua zote hizi umezifanya kwa ajili ya mazoezi ya mwili, kwani XFS haina njia ya kawaida ya kukondeshwa hata ikibanduliwa. Ungeliuliza hilo mwanzoni, usingefika huku.

Inafaa kusema hapa kwamba kuna mahali ambapo pivot_root huitwa mchana kutwa bila mtu kupoteza usingizi. Kila kontena inapoanzishwa kwa runc au LXC, wito huohuo hutumika: mchakato mpya hupewa orodha yake ya mipachiko, mzizi unageuzwa, wa zamani unabanduliwa, kazi inaendelea. LXC huupunguza zaidi, ikitaja nukta mbili tu, "." na ".", mzizi wa zamani ukalaliana na mpya kisha ukabanduliwa bila hata kuundiwa saraka. Unafanikiwa kwa urahisi huo kwa kuwa ndani ya chumba kile hakuna aliyetangulia. Pivot_root yako na yao ni moja. Tofauti ni idadi ya waliokuwa wamekaa ulipofika.

Hatua ya 8: Rudi, au usirudi

Diski imekonda. Ipachike tena kwenye /mnt, rudia hatua ya 4 hadi ya 7 kwa kugeuza nyuma, na safari hii wageni wote ni wale uliowaalika mwenyewe.

Kama lengo lako lilikuwa kuhamia diski nyingine moja kwa moja, furaha ni kubwa zaidi, kwa sababu pivot_root haiandiki popote. Siku mtambo utakapowaka upya, GRUB na initramfs zitafuata UUID ya zamani zilizoambiwa, na /etc/fstab itaunga mkono. Waoga hurekebisha fstab, hujenga upya initramfs na kusakinisha GRUB kwenye diski mpya kabla hawajalala. Wewe ondoa diski ya zamani kwenye bili ya mwezi, usubiri.

Hatua ya 9: Jivunie uptime

Andika uptime, upige picha ya skrini. Siku mia kadhaa, hazijakatika. Hicho ndicho ulichokuwa unakipigania.

Hebu tuhesabu sasa. Hifadhidata ulizima ukawasha. Sshd ni mpya, journald ni mpya, kila huduma ni mpya, mchakato namba 1 umejipakia upya. Kitu pekee ambacho hakikuanza upya usiku kucha ni keneli, na keneli ndiyo pekee iliyokuwa na shida ya kuanza upya. Ikiwa seva yako imewaka mfululizo tangu kabla ya Machi 2022 kwa keneli ya 5.10, basi umefanikiwa kuhifadhi, pamoja na hizo siku zako, ufa wa Dirty Pipe aliouanika Max Kellermann mwezi huo, unaomruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika juu ya mafaili asiyo na ruhusa nayo mpaka awe root. Kiraka kiliingia kwenye 5.10.102. Huenda kifurushi chake kimekaa kwenye diski yako tangu wakati huo, kikisubiri mtambo uwashwe upya.

Anayetaka tu kubadili mzizi na kuanza huduma upya bila kungoja mtambo ujikague kutoka mwanzo amerahisishiwa. Tangu systemd 254 ya mwaka 2023 ipo amri systemctl soft-reboot: mzizi mpya ukiwa umepachikwa /run/nextroot, systemd husimamisha huduma zote kwa utaratibu, huhamia huko, huanza upya, keneli ikiwa ileile. Ni hatua ya 4 hadi ya 6 kwa mstari mmoja, bila fuser na bila poti 2222. Ubaya wake ni kwamba haiachi hadithi.

Hatua ya 10: Andika taarifa

Mwandikie mkubwa wako: "Kazi imekamilika, seva haikuzimwa." Ni kweli tupu. Wateja walikosa huduma kwa muda ambao seva ingewaka na kuzimwa mara kadhaa, lakini umeme wake haukukatwa hata nukta moja. Akikuuliza kwa nini basi huduma ilikuwa haipatikani, mwambie hilo ni suala la huduma, wewe unazungumzia seva. Akiuliza keneli ni ya lini, mwambie mtandao unasumbua, utampigia.